Magofu ya Warumi: Kwa nini mengine yamesimama na mengine yameanguka

NGUZO sita ndizo zilizosalia. Zimesimama kwa safu katika mji wa Baalbek, ndani ya Bonde la Bekaa nchini Lebanon, kila moja ikiwa na urefu wa mita 20 hivi na unene ambao watu watatu wakishikana mikono hawawezi kuuzunguka. Hekalu la Jupita, ambalo nguzo hizo zilikuwa sehemu yake, lilipokamilika lilikuwa na nguzo 54.

Msafiri Robert Wood alipofika hapo mwaka 1751 kuyapima na kuyachora magofu hayo, alikuta nguzo tisa zikiwa wima. Miaka minane baadaye, mwaka 1759, tetemeko kubwa la ardhi liliitikisa nchi hiyo na kuangusha tatu. Sita zilizobaki hazijaanguka tangu siku hiyo.

Mnamo Novemba 2024 zilinusurika kwa mara nyingine. Wakati wa vita kati ya Israel na kundi la Hezbollah, ndege za kivita za Israel ziliushambulia mji wa Baalbek na kubomoa jengo la enzi ya utawala wa Waturuki lililokuwa karibu mno na mahekalu. Siku chache baadaye, Novemba 18, kamati maalumu ya shirika la UNESCO iliyaweka maeneo 34 ya turathi nchini Lebanon chini ya ulinzi wa ziada wa muda. Baalbek na Tiro yalikuwa miongoni mwa maeneo hayo.

Masaibu ya nguzo hizo ndiyo masaibu ya majengo yote ambayo Warumi waliyaacha katika nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania, kuanzia Uturuki, Siria na Lebanon hadi Jordan, Israel, Palestina na Misri. Mengine yamedumu miaka 1,900 na bado yanaingiwa na watu. Mengine, yaliyojengwa kwa mawe yaleyale na mafundi wa aina ileile, hayana hata msingi unaoonekana. Tofauti hiyo ina sababu, nayo si ubora wa ujenzi pekee.

Warumi walivyofika mashariki

Dola ya Roma haikuiteka mashariki kwa siku moja. Mwaka 133 Kabla ya Kristo (KK), Attalus wa Tatu, mfalme wa Pergamo katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alifariki na kuwaachia Warumi ufalme wake katika wasia. Mwaka 64 KK jemadari Pompey aliifanya Siria kuwa jimbo la Roma. Misri ilifuata mwaka 30 KK baada ya kifo cha Malkia Cleopatra, na mwaka 106 Baada ya Kristo (BK) Kaisari Trajan aliutwaa ufalme wa Wanabataya, akaufanya mji wa Bosra kuwa makao makuu ya jimbo jipya la Arabia.

Nchi hizo zilikuwa na miji, mahekalu na wajenzi stadi karne nyingi kabla ya kuja kwa Warumi. Hata baada ya kutawaliwa, wakazi wake wengi waliendelea kutumia Kigiriki na Kiaramu, si Kilatini. Kwa hiyo majengo yanayoitwa ya Kirumi yalijengwa, kwa sehemu kubwa, na mikono ya Wasiria, Wagiriki, Wayahudi na Waarabu. Roma ilileta amani ya muda mrefu, barabara, fedha na mtindo mmoja wa mji.

Mtindo huo ulifanana kila mahali. Msafiri aliyetoka Efeso akaingia Gerasa, mji ambao leo unaitwa Jerash nchini Jordan, hakuhitaji kuuliza njia. Alijua angekuta barabara kuu yenye nguzo pande zote mbili, soko, hekalu, mabafu ya umma, na ukumbi wa maonyesho uliojengwa kwa ngazi za mawe mfano wa nusu duara. Miji ilishindana kwa majengo, na gharama mara nyingi ilibebwa na matajiri wenyeji waliotaka majina yao yachongwe mahali ambapo kila mpita njia angeyasoma.

Utajiri wenyewe ulitokana na kilimo na biashara, na biashara hiyo ilifika mbali. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza BK, na mfanyabiashara aliyetoka Misri iliyokuwa chini ya Roma, kinautaja mji wa Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki kuwa mahali pa kununulia pembe za ndovu na magamba ya kasa. Bidhaa hizo zilipitia Bahari ya Shamu hadi Misri, kisha zikasambazwa katika masoko ya Mediterania.

Ufundi wa kustaajabisha

Ukubwa wa mawe ya Baalbek umewashangaza watu kwa karne nyingi, hata wengine wakadai kwamba yaliwekwa na majini au majitu. Katika ukuta wa magharibi wa jukwaa la Hekalu la Jupita mna mawe matatu yaliyopangwa sambamba, kila moja likiwa na urefu wa mita 19 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 800. Katika machimbo yaliyo karibu na mji kuna jawabu la fumbo hilo. Huko limelala jiwe jingine la takriban tani 1,000, ambalo wenyeji huliita Jiwe la Mwanamke Mjamzito. Lilichongwa likaachwa kabla ya kuondolewa. Mwaka 2014 wanaakiolojia wa Ujerumani walichimba kando yake na kugundua jiwe kubwa zaidi, lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 1,650. Mawe hayo yanathibitisha kwamba kazi ilifanywa na binadamu, na kwamba binadamu hao wakati mwingine walipanga makubwa kuliko walivyoweza kutekeleza.

Nchini Misri, katika jiji la Alexandria, imesimama nguzo ya itale nyekundu iliyochongwa kwa jiwe moja lenye urefu wa zaidi ya mita 20, lililosafirishwa kwa Mto Nile kutoka Aswan. Watalii huiita Nguzo ya Pompey. Ukweli ni kwamba haihusiani na jemadari huyo. Ilisimamishwa kwa heshima ya Kaisari Diocletian, zaidi ya miaka 300 baada ya kifo cha Pompey.

Mara nyingi mafundi hawakutumia udongo wala saruji kuunganisha mawe makubwa. Waliyachonga yakabanana, kisha wakayafunga kwa vibano vya chuma vilivyozungushiwa risasi iliyoyeyushwa ili visipate kutu. Hata hivyo, saruji waliijua vyema. Mfalme Herode alipojenga bandari ya Kaisaria, kati ya mwaka 22 na 10 KK, wajenzi wake walichanganya chokaa na majivu ya volkeno yaliyosafirishwa kutoka Italia. Mchanganyiko huo ulikuwa na sifa ya kuwa mgumu hata ukiwa ndani ya maji ya bahari.

Majengo yaliyookolewa na matumizi

Jengo lisilo na kazi halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe huwa mali ya kila mwenye nyundo. Ndiyo maana majengo mengi ya Kirumi yaliyodumu ni yale yaliyopewa kazi nyingine baada ya Warumi.

Mfano ulio wazi umo Damascus. Mahali ulipo Msikiti Mkuu wa Umayyad palikuwa na hekalu la Jupita, lililojengwa penye hekalu la kale zaidi la mungu Hadad. Dola ilipoingia Ukristo, hekalu likawa kanisa la Yohana Mbatizaji. Kati ya mwaka 706 na 715 Khalifa al-Walid wa Kwanza alijenga msikiti hapo. Kuta za nje za ua wa hekalu la Kirumi zilibaki na zingali ndizo kuta za msikiti, na baadhi ya nguzo za lango la magharibi zimesimama hadi leo kwenye mwisho wa soko la Hamidiyeh, wachuuzi wakipanga bidhaa chini yake.

Huko Bosra, kusini mwa Siria, ukumbi wa maonyesho wa karne ya pili uliojengwa kwa mawe meusi ya volkeno uliokolewa na vita. Watawala Waislamu wa zama za kati walihitaji ngome, wakauzungushia ukumbi huo minara na kuta nzito, kazi iliyokamilika katika karne ya 13. Ndani yake vilijengwa vyumba na maghala, na viti vya mawe vikafunikwa na udongo. Udongo huo ulipoondolewa katika karne ya 20, ukumbi ulionekana ukiwa karibu mzima. Ni mojawapo ya kumbi za Kirumi zilizohifadhika vyema zaidi duniani.

Kule Aspendos, karibu na Antalya nchini Uturuki, hali ilikuwa kama hiyo. Ukumbi wake ulijengwa na msanifu Zenon katika enzi ya Kaisari Marcus Aurelius, aliyetawala kati ya mwaka 161 na 180. Katika karne ya 13 masultani wa Kiseljuki waliukarabati na kuutumia kama makao yao, na kwa kuutunza kwa manufaa yao wakautunza kwa ajili ya vizazi vilivyofuata. Ukuta mrefu ulio nyuma ya jukwaa, ambao katika miji mingi ndio unaotangulia kuanguka, umesimama hadi kimo chake cha asili.

Hagia Sophia, jijini Istanbul, ni mfano mwingine. Kaisari Justinian aliijenga kati ya mwaka 532 na 537 ikiwa kanisa kuu la dola, na kuba lake lina kipenyo cha mita 31 hivi. Ikawa msikiti mwaka 1453, makumbusho katika miaka ya 1930, kisha msikiti tena mwaka 2020. Mabadiliko hayo yamezua mijadala mikali, lakini katika vipindi vyote hivyo paa halikukosa wa kuliziba.

Miji iliyofunikwa ikasahaulika

Ipo njia ya pili ya kudumu, nayo ni kuachwa. Jerash ilikuwa mji wa maelfu ya watu wakati Kaisari Hadrian alipoutembelea katika msimu wa baridi wa mwaka 129 na 130, na tao lililojengwa kumkaribisha lingali pale. Tetemeko la mwaka 749 liliuvunja mji huo pamoja na jirani yake Beth Shean. Polepole watu walihama, vifusi na udongo vikafunika barabara. Kwa kuwa hapakuwa na mji mkubwa uliojengwa juu yake, mawe mengi hayakuchukuliwa. Wachimbaji wa karne ya 20 walipofukua, walikuta barabara ya mawe ikiwa na alama za magurudumu.

Efeso ilishindwa na mto. Mji huo ulikuwa bandari, lakini matope ya mto yalijaza ghuba yake mwaka baada ya mwaka hata leo bahari iko kilomita kadhaa kutoka gati za zamani. Bandari ilipokufa, mji nao ulikufa. Wasomaji wa Biblia wanaufahamu mji huu kutokana na kitabu cha Matendo ya Mitume, kinachosimulia ghasia za wafua fedha waliohofia kwamba mahubiri ya Paulo yangeharibu biashara yao ya mungu Artemi. Ukumbi ambamo umati ulikusanyika siku hiyo upo, ukiwa na nafasi ya watu wapatao 25,000.

Kaisaria nayo imewapa wasomi ushahidi wa aina hiyo. Mwaka 1961 wanaakiolojia kutoka Italia waliokuwa wakichimba katika ukumbi wa maonyesho walipata jiwe lenye maandishi ya Kilatini yanayomtaja Pontio Pilato, gavana wa Uyahudi. Mafundi wa baadaye walikuwa wamelichomoa mahali pake na kulifanya kidato cha ngazi, watu wakalikanyaga bila kujua walichokuwa wakikanyaga.

Maadui wa kale na wa sasa

Jiwe hilo la Pilato linaonyesha adui wa kwanza wa majengo haya, yaani mjenzi anayekuja baadaye. Jiwe lililokwisha kuchongwa ni rahisi kuchukua kuliko kuchimba jipya, na marumaru ikichomwa katika tanuri hugeuka chokaa nzuri. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na hivyo ndivyo mahekalu mazima yalivyotoweka pasipo vita wala tetemeko. Vyuma navyo vilitafutwa. Katika nguzo za Baalbek yangalipo matundu yaliyotobolewa penye maungio na watu waliotaka vibano vya chuma na risasi iliyovizunguka.

Adui wa pili ni ardhi yenyewe. Eneo hili limepitiwa na nyufa kubwa za ardhi, na matetemeko hayakomi. Lile la Februari 6, 2023 liliua makumi ya maelfu ya watu nchini Uturuki na Siria, likaharibu sehemu za ngome ya Gaziantep ambayo misingi yake ni ya enzi za Warumi, na kuubomoa mji wa Antakya, ambao zamani ulikuwa Antiokia, mmojawapo wa miji mikuu ya dola hiyo.

Adui wa tatu ni vita. Mwaka 2013 UNESCO iliyaweka maeneo yote sita ya Siria yaliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Hofu hiyo ilitimia Palmyra, mji wa jangwani ambao Waarabu huuita Tadmur, uliotajirika kwa misafara ya ngamia na ambao malkia wake Zenobia alithubutu kuiasi Roma hadi aliposhindwa na Kaisari Aurelian mwaka 272.

Kundi lililojiita Dola la Kiislamu liliuteka mji huo Mei 2015. Mwezi Agosti lililipua hekalu la Baalshamin na lile la Bel, lililowekwa wakfu mwaka 32 BK. Mwezi Oktoba likalipua tao la barabara kuu. Jukwaa la ukumbi wa maonyesho liligeuzwa mahali pa kuua mateka hadharani. Kundi hilo lilifukuzwa Machi 2016, likarudi Disemba mwaka huo, na kabla ya kuondolewa tena Machi 2017 lilikuwa limeharibu sehemu ya mbele ya jukwaa hilo na mnara wa nguzo 16 uliokuwa katikati ya barabara.

Gharama haikuwa ya mawe pekee. Khaled al-Asaad alikuwa mkuu wa mambo ya kale Palmyra kuanzia mwaka 1963 hadi alipostaafu mwaka 2003. Vita vilipokaribia, alikataa kuhama. Alikamatwa, na Agosti 18, 2015, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, akauawa hadharani. Taarifa za wakati huo zilieleza kwamba alihojiwa kwa majuma kadhaa kuhusu mahali zilipofichwa hazina za makumbusho, naye hakusema.

Kusimamisha tena au kuacha?

Swali linalowagawa wataalamu ni nini kifanyike kwa mawe yaliyoanguka. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaoongoza kazi ya uhifadhi katika nchi nyingi, unakataza kujenga upya magofu. Unaruhusu tu kurudisha vipande asilia mahali pake, na pale ambapo pana pengo, kile kinachoongezwa lazima kitambulike kuwa ni kipya.

Kazi maarufu zaidi ya namna hiyo iko Efeso. Maktaba ya Celsus ilijengwa mwanzoni mwa karne ya pili na mwana wa gavana Celsus kwa kumbukumbu ya babake, ambaye kaburi lake limo chini ya ukumbi. Ilianguka katika tetemeko la zama za kati. Kati ya mwaka 1970 na 1978 wataalamu wa Austria waliusimamisha ukuta wake wa mbele, kipande kwa kipande. Sanamu nne za kike zilizomo ni nakala, kwani zile za asili zimo Vienna. Wapo wanaosifu kazi hiyo kwa kuwa imewawezesha mamilioni ya wageni kuelewa jengo ambalo vinginevyo lingekuwa rundo la mawe. Wapo pia wanaoonya kwamba mgeni huondoka akiamini ameona ukuta ambao haukuwahi kuanguka.

Kwa Palmyra swali ni gumu zaidi. Mawe yaliyolipuliwa kwa baruti hupasuka, na kidogo ndicho kinachoweza kurudishwa. Wanaotaka hekalu la Bel lijengwe wanasema kuliacha lilivyo ni kuwaachia waharibifu ushindi. Wanaopinga wanajibu kwamba hekalu la mawe mapya litakuwa mfano tu wa lile lililokuwapo, na kwamba uharibifu wa mwaka 2015 nao ni sehemu ya historia. Baina ya pande hizo wapo wakazi wa mji wa Tadmur, waliopoteza nyumba na riziki zao, na ambao mkate wao kabla ya vita ulitokana kwa kiasi kikubwa na wageni waliokuja kutazama nguzo.

Upo ulinzi mmoja ambao pande zote zinakubaliana kuuhusu: kupima, kuchora na kupiga picha mapema, kabla ya balaa kutokea. Robert Wood hakuishia Baalbek. Katika safari iyo hiyo ya mwaka 1751 alipima majengo ya Palmyra pia, na vitabu vyake viwili, cha mwaka 1753 na cha mwaka 1757, vingali vinafunguliwa na wataalamu. Nguzo tatu zilizoangushwa na tetemeko la mwaka 1759 zimo katika kurasa hizo zikiwa wima, pamoja na hekalu la Bel, vipimo vyake vikiwa vimeandikwa kando.